Bendera ya Buluu Langoni Kicukiro

Jumatatu ya Aprili 11, 1994, mchana, malori ya askari wa Umoja wa Mataifa yaliwashwa ndani ya shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, pembezoni mwa jiji la Kigali, Rwanda. Watu wapatao 2,000 walikuwa wamejaa madarasani, kwenye mabweni na viwanjani. Wengi walikuwa Watutsi, na pamoja nao walikuwamo Wahutu waliokuwa wakiwindwa kwa sababu ya msimamo wao wa kisiasa. Walikuja na magodoro, sufuria na watoto mgongoni. Nje ya lango, vijana wa kundi la wanamgambo la Interahamwe walizunguka na mapanga na marungu, wengine na chupa za bia, wakisubiri. Kilichowazuia kuingia ni kimoja tu: ndani mlikuwa na askari wapatao 90 wa Ubelgiji, na juu yao bendera ya buluu.

Siku hiyo askari wale walipewa amri ya kuondoka. Malori yalipoanza kusogea watu waliyakimbilia, na wengine walijilaza njiani mbele ya magurudumu. Askari walifyatua risasi hewani wapate kupita. Kamanda wa kikosi hicho alisimulia baadaye kwamba wakimbizi walikuwa wamemwomba jambo moja: kama kuondoka ni lazima, basi askari wawapige risasi wao wenyewe, wasiachiwe mapanga. Mimi kila nikifika hapo katika kisa hiki huweka kalamu chini kwanza.

Hakufanya hivyo, bila shaka. Malori yalitoka na wauaji wakaingia. Waliosalimika na shambulio la kwanza walikamatwa njiani wakijaribu kukimbilia uwanja wa michezo wa Amahoro, wakaswagwa kama ng'ombe hadi kilima cha Nyanza, hapohapo Kicukiro. Jioni ile walirushiwa mabomu ya mkono, wakapigwa risasi, kisha yakafuata mapanga. Wachache waliokuwa hai chini ya maiti waliokolewa baadaye na wapiganaji wa RPF, kundi la waasi lililokuwa likipigana na serikali. Georges Rutaganda, mmoja wa viongozi wa Interahamwe, alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1999 na mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha, na mauaji hayo yalikuwa miongoni mwa makosa aliyopatikana nayo.

Ndugu msomaji, sikusimulii haya kukuonyesha ukatili wa wauaji. Huo unajulikana. Ninachotaka tukitazame ni swali linalokwepwa mara nyingi: watu wale 2,000 nani aliwaambia waende ETO? Hakuna aliyewatuma. Waliona bendera. Walijua askari wa Umoja wa Mataifa wapo pale, wakaamini kwamba aliyevaa bereti ya buluu amekuja kuwalinda. Pengine baadhi yao, bila bendera ile, wangejificha mashambani, kwenye vinamasi, au darini kwa jirani mwema. Bendera iliwakusanya mahali pamoja, kisha ikakunjwa.

Hilo ndilo kosa ninalotaka tujihadhari nalo, mimi nikiwa wa kwanza: kumsimamisha mlinzi mlangoni bila kumpa nguvu wala ruhusa ya kulinda, halafu kuwaacha watu waamini kwamba wanalindwa.

Dalili zilikuwepo tele. Ya kwanza iliandikwa kwenye karatasi za Umoja wa Mataifa wenyewe. Aprili 1993, Waly Bacre Ndiaye wa Senegal, mtaalamu maalumu wa haki za binadamu wa Umoja huo, alizuru Rwanda. Ripoti yake ilitoka Agosti 11 mwaka huo, wiki moja tu baada ya serikali ya Rwanda na RPF kutia saini Makubaliano ya Amani ya Arusha. Kulikuwa na shangwe. Ripoti ilisema kwamba Watutsi walikuwa wakiuawa kwa sababu tu ya kabila lao, na kwamba mauaji ya namna hiyo yaliweza kuingia katika maana ya mauaji ya kimbari. Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, aliyepelekwa kupima hali na baadaye kuongoza kikosi, alisema hakuonyeshwa ripoti hiyo. Fikiria fundi anaitwa kurekebisha nyumba, na aliyemwita anajua kwamba ukuta wa nyuma una ufa, lakini hamwambii.

Kikosi chenyewe, UNAMIR, kiliundwa kwa azimio namba 872 la Oktoba 5, 1993. Tazama tarehe. Siku mbili nyuma yake, Oktoba 3, wanajeshi 18 wa Marekani walikuwa wameuawa Mogadishu. Baada ya hapo hakuna mkubwa aliyetaka kusikia habari ya operesheni nyingine ya Afrika yenye gharama na hatari. Makadirio yaliyoletwa kutoka Rwanda yalitaja askari 4,500. Walioidhinishwa walikuwa 2,548. Kazi yao iliandikwa kama vile vita imekwisha na kinachobaki ni kusimamia makubaliano: kuangalia, kuripoti, kusindikiza. Magari ya deraya waliyopata yalikuwa manane, yaliyotoka kwenye operesheni ya Msumbiji, na yaliyoweza kutembea vizuri hayakuzidi matano.

Kisha ikaja faksi. Januari 11, 1994, Dallaire aliandika New York kwamba amepata mtoa habari kutoka ndani ya Interahamwe, mtu aliyekuwa akiwafundisha vijana. Mtu huyo alisema ameagizwa kuorodhesha Watutsi wote wa Kigali, naye alishuku kwamba nia ni kuwaua. Alisema vijana wake wangeweza kuua hadi watu 1,000 kwa dakika 20. Alijua maghala ya silaha yalipo. Na akaongeza jambo jingine, ambalo naomba ulikumbuke: ulikuwepo mpango wa kuwachokoza askari wa Ubelgiji na kuwaua baadhi yao, ili Ubelgiji iondoke Rwanda.

Dallaire alieleza kwamba amekusudia kuyavamia maghala hayo ndani ya saa 36. Hakuomba ushauri; alitoa taarifa. Jibu la New York lilikuwa hapana. Idara ya kulinda amani, iliyokuwa chini ya Kofi Annan wakati huo, iliona kwamba uvamizi wa namna hiyo unavuka mipaka ya ruhusa ya kikosi. Badala yake Dallaire aliagizwa amweleze Rais Juvénal Habyarimana mwenyewe, na kuwaarifu mabalozi wa Ubelgiji, Ufaransa na Marekani. Yaani habari za mpango zilipelekwa kwa mwenye nyumba ambamo mpango ulikuwa unapikwa. Mtoa habari aliomba ulinzi kwa ajili yake na familia yake. Umoja wa Mataifa haukuweza kumpa, na mawasiliano yakakatika.

Wapo wanaosema leo kwamba waliojibu faksi ile walikuwa watu wabaya. Mimi sikubali, na sababu yangu si nzuri sana, maana inanigusa mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa kamati ya ulinzi shirikishi mtaani kwetu. Tuliwachangia vijana wanne tochi, makoti na filimbi. Tuliwakataza kuingia ua wa mtu, kwa sababu tuliogopa kesi. Jumatatu moja wakaniletea habari: kuna bajaji isiyo na namba, usiku wa tatu mfululizo inaegeshwa karibu na nyumba ya mama mmoja fundi cherehani. Niliwasifu. Nikafungua daftari, nikaandika tarehe na saa kwa mwandiko mzuri, nikawaambia jambo hili tutalijadili kwenye kikao cha Jumapili. Alhamisi yule mama akavunjiwa. Walichukua cherehani zote mbili na vitambaa vya wateja. Nilipokwenda kumpa pole, alisema usiku ule alisikia vishindo, lakini akageuka upande wa pili akalala, kwa kuwa alijua vijana wa ulinzi wapo zamu.

Daftari lile ninalo mpaka leo. Ukilisoma utaona katibu aliyefuata utaratibu.

Cherehani mbili hazilingani na roho za watu, nami sisemi zinalingana. Nasema tu kwamba ninaijua ile hali ya mtu aliyekaa mbali na mlango, mwenye karatasi mbele yake na hofu ya kulaumiwa, anayeona kuandika ni sawa na kutenda. Ni hali ya starehe sana. Haina harufu ya ubaya hata kidogo.

Turudi Kigali. Faksi haikuwa ya mwisho. Redio RTLM, iliyokuwa hewani tangu Julai 1993, ilikuwa ikipiga muziki mtamu na katikati ya nyimbo ikiwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Jirani aliyesikiliza alizoea neno kabla hajazoea kitendo. Februari 21, mwanasiasa Félicien Gatabazi wa chama cha PSD alipigwa risasi akafa. Kesho yake Martin Bucyana, kiongozi wa chama cha CDR chenye siasa kali, akauawa na umati karibu na Butare. Mwezi huohuo Ubelgiji, iliyokuwa na askari zaidi ya 400 pale na iliyokuwa imeanza kunusa hatari, iliomba kikosi kiruhusiwe kuchukua hatua kali zaidi. Marekani na Uingereza hazikutaka.

Lakini dalili ninayoiona nzito kuliko zote haitajwi sana. Aprili 5, 1994, Baraza la Usalama lilikutana kuongeza muda wa UNAMIR. Azimio namba 909 liliuongeza, likaweka na onyo: pande husika zisipoendelea na utekelezaji wa makubaliano, Baraza litafikiria upya kuwepo kwa kikosi. Onyo hilo lililenga kuwasukuma wanasiasa. Hebu lisikilize sasa kwa masikio ya mtu aliyekwisha kuorodhesha majina ya majirani zake. Ni sawa na kumwambia mwizi kwamba akiendelea na tabia yake, mbwa atafungwa. Na Rwanda, kwa zamu, ilikuwa mwanachama wa Baraza mwaka ule. Balozi wa serikali ileile alikuwa kikaoni, akisikia wakubwa wanachoogopa na wasichotaka kulipia.

Jioni iliyofuata, Aprili 6, Rais Habyarimana aliondoka Dar es Salaam, ambako viongozi wa kanda walikutana, akiwa ndege moja na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali, na wote waliokuwamo wakafa. Vizuizi vya barabarani vikawekwa usiku uleule. Asubuhi Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana akauawa. Askari kumi wa Ubelgiji waliokuwa wamepelekwa kumlinda walinyang'anywa silaha, wakapelekwa kwenye kambi ya jeshi, wakauawa huko. Sawasawa na ilivyosema faksi miezi mitatu nyuma yake. Na Ubelgiji, sawasawa na ilivyosema faksi, ikaamua kuondoa askari wake.

Siku zilezile ndipo ilipotoka amri ya ETO.

Kuna jambo jingine lililonichukua muda kulielewa. Siku zile Kigali haikukosa majeshi kutoka nje. Kuanzia Aprili 9, wanajeshi wa Ufaransa na Ubelgiji waliletwa kwa ndege kuwaokoa wageni, na kazi hiyo ilifanyika haraka na kwa ustadi. Hata pale ETO, Wazungu waliokuwemo walichukuliwa kwanza. Kwa hiyo nguvu ilikuwepo, ndege zilikuwepo, mafuta yalikuwepo. Kilichokosekana ni uamuzi kwamba na hawa wengine ni watu wa kuokolewa. Aprili 21, mauaji yakiwa yamepamba moto, Baraza lilipitisha azimio namba 912 la kupunguza kikosi hadi watu wapatao 270.

Kama kisa kingeishia hapo, ungeweza kusema walinda amani hawafai kitu, kama wanavyosema wengi vijiweni. Bado. Dallaire na naibu wake, Jenerali Henry Anyidoho wa Ghana, walibaki na mamia ya askari, Waghana wakiwa wengi, zaidi ya idadi waliyoruhusiwa. Risasi zilikuwa chache, na chakula kadhalika. Hata hivyo, maelfu ya watu waliokuwa uwanja wa Amahoro na Hospitali ya King Faisal walivuka miezi ile wakiwa hai, ingawa mabomu yaliwapata baadhi yao. Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, aliyekuwa mwangalizi asiye na silaha, alipita vizuizi mara nyingi akiwa amewaficha watu garini, wachache wachache, akiwatuliza wauaji kwa mzaha na sigara. Inaaminika aliokoa mamia. Aliuawa na kipande cha kombora Mei 31. Miaka ishirini baadaye Baraza la Usalama likaanzisha nishani yenye jina lake.

Wale waliobaki walikuwa wachache kuliko waliokuwepo mwanzo, na vifaa vyao vilikuwa duni zaidi. Tofauti yao na malori yaliyotoka ETO ilikuwa moja: hawakuondoka. Hilo linaniondolea kisingizio cha kusema kwamba hakuna lililowezekana.

Baraza lilijirudi Mei 17 na kuidhinisha askari 5,500. Kufikia Julai 25 waliokuwepo Rwanda walikuwa 550. RPF ilikuwa imeshachukua nchi, na mauaji yalikuwa yamekwisha kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya azimio. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1999 ilikadiria waliouawa kuwa wapatao 800,000. Rwanda inasema zaidi ya milioni moja. Tanzania iliyaona matokeo ya mauaji hayo mwishoni mwa Aprili, pale watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja tu na kuijaza Ngara, wengine wakiwa waathirika wa vita na wengine wakiwa wametoka kuua. Wazee wa huko wanakumbuka maji ya Mto Kagera na yaliyokuwa yakielea humo.

Ripoti ya uchunguzi iliyoongozwa na Ingvar Carlsson, Waziri Mkuu wa zamani wa Sweden, ilitoka Desemba 1999, ikasema wazi kwamba Umoja wa Mataifa ulishindwa, kuanzia Katibu Mkuu, Sekretarieti, Baraza la Usalama hadi nchi wanachama. Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu kufikia wakati huo, aliikubali na kueleza majuto makubwa. Mwaka 2000 Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Guy Verhofstadt, alikwenda Kigali akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake. Sizidharau kauli hizo. Ila naona zilikuja kwa lugha safi kama ile ya daftari langu.

Wala usidhani ugonjwa huu umezikwa Kicukiro. Novemba 20, 2012, waasi wa M23 waliingia Goma, mashariki mwa Kongo, huku walinda amani wa Umoja wa Mataifa wakiwatazama. Aibu ile ilizaa azimio namba 2098 la Machi 2013, lililounda kikosi maalumu cha askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Safari hii ruhusa iliandikwa waziwazi: kushambulia. Kabla mwaka haujaisha, M23 walikuwa wameshindwa. Karatasi ilipobadilika, mambo yakabadilika. Lakini ruhusa nayo ina bei. Desemba 7, 2017, kambi ya vijana wetu ilivamiwa Semuliki, karibu na Beni, na Watanzania 14 wakauawa usiku mmoja. Na Januari 2025 Goma ikaanguka tena mikononi mwa M23, bendera ya buluu ikiwa bado inapepea mjini.

Vijana wetu watatumwa tena, leo au kesho, kwa jina la Umoja wa Mataifa, la Afrika au la jumuiya ya kanda. Tutawaaga kwa bendi na hotuba, nami nitapiga makofi kama wewe. Naomba kabla ya makofi tumuulize mbunge wetu: karatasi yao inasema nini? Mtu akiuawa mbele ya macho yao wanaruhusiwa kufyatua, au wanaruhusiwa kuripoti? Wakipeleka habari kwamba kuna ghala la mapanga, nani atapokea simu, na atajibu lini? Wakianza kuuawa wao, tumekubaliana kufanya nini? Na yule mama atakayeiona bendera yao kwa mbali, akambeba mtoto na godoro kuielekea, kuna mtu amemwambia ukweli wa kilichoandikwa kwenye karatasi hiyo?